Baiskeli vijijini Ufaransa kwenye barabara tulivu: Loire, Bourgogne, Dordogne au Canal du Midi?

MamaMeru
Wakuu, habari za jioni. Mwezi wa tisa mimi na mzee wangu tunakwenda Lyon kumwona binti yetu, na tumejipa siku nane za kuzunguka vijijini kwa baiskeli. Tuna miaka hamsini na kitu, kilomita 50 kwa siku tunaziweza, na vilima vya Arusha vimetuzoesha. Ninachoogopa ni magari. Mwaka juzi basi lilinisukuma nje ya lami kwenye njia ya Moshi, na tangu siku ile nikisikia injini nyuma yangu mwili mzima unakaza. Nataka barabara ya lami ambayo nitasikia ndege na mnyororo wa baiskeli yangu tu, na majengo ya kale ya kushuka kuyatazama. Nimesoma mpaka nimechanganyikiwa. Mliopita huko, mngeenda wapi?

Mvita_hadi_Nantes
Shikamoo mama. Mimi nasema bonde la mto Loire, bila kusita. Njia ya La Loire à Vélo ina kama kilomita 900, kutoka Cuffy karibu na Nevers mpaka Saint-Brevin-les-Pins baharini, na ina vibao kila njia panda. Ni tambarare. Ukitoka Blois asubuhi, kabla ya jua kuwa kali uko Chambord, kasri lililoanza kujengwa mwaka 1519. Mwaka huohuo Leonardo da Vinci alifariki Amboise, mji mwingine wa njia hiyohiyo. Baada ya hapo kuna makasri ya Villandry, Azay-le-Rideau, Saumur.

Kuna jambo moja ambalo mtu wa pwani hawezi kulinyamazia. Wengi hushuka na mto kwenda baharini kwa sababu ramani imechorwa hivyo. Upepo wa kule mara nyingi hutoka magharibi, kwa hiyo utakula upepo wa omo, yaani wa usoni, siku nzima. Anzieni chini mpande na mto, upepo uwe wa tezi, uwasukume kwa nyuma.

Yaya_wa_Lubumbashi
Mama, karibu sana huku kwetu Lyon. Loire ni nzuri, nimeipita mara mbili. Lakini soma tena ulichoandika: unataka kusikia ndege. Kwenye Loire magari ni machache, watu ni wengi, hata mwezi wa tisa. Na kutoka Lyon utatumia saa nyingi za treni kwenda na nyingine kurudi.

Bourgogne ya kusini iko mlangoni pako. Panda treni ya mkoa ya kuelekea Dijon, shuka Chalon-sur-Saône, kanyaga kidogo mpaka Givry. Hapo inaanza njia ya kijani, yaani ya baiskeli na miguu bila magari, iliyofunguliwa mwaka 1997 juu ya reli ya zamani, kilomita 44 hivi mpaka Cluny. Kwa kuwa ilikuwa reli, mwinuko wake ni wa treni, mwili hausikii. Njiani kuna Buxy na mizabibu yake, kuna Cormatin na kasri lake, na Taizé iko kilimani juu ya njia.

Cluny lala siku mbili. Abasia yake, yaani monasteri, ilianzishwa mwaka 910, na kanisa lake la tatu lilikuwa kubwa kuliko makanisa yote ya Ulaya mpaka Roma ilipojenga Mtakatifu Petro jipya. Baada ya Mapinduzi ya Ufaransa likauzwa, likageuzwa machimbo ya mawe. Kilichobaki hakifiki sehemu moja ya kumi. Mimi nilisimama chini ya mnara uliobaki nikajaribu kukadiria upana wa kilichokuwepo, na sikuweza. Mawe mengine bila shaka yako kwenye kuta za nyumba za mji, unayapita ukienda kununua mkate.

Hiyo njia ya kijani ni ya kuanzia tu, mama. Utulivu wenyewe uko kwenye barabara ndogo zinazotoka pembeni. Nenda Chapaize, kijiji kidogo chenye kanisa la karne ya 11 na mnara mrefu usiolingana kabisa na ukubwa wa kijiji. Panda kijiji cha Brancion. Kisha magharibi, nchi ya Brionnais: ng'ombe weupe wa Charolais, nyua za vichaka, na kila baada ya kilomita chache kanisa la mawe ya manjano, Anzy-le-Duc, Semur-en-Brionnais, mpaka basilika ya Paray-le-Monial. Kuna asubuhi niliendesha saa nzima nikapishana na trekta moja na gari la posta.

FundiGia_Thika
Nawaheshimu, lakini mtu wa historia akikosa Dordogne amekosa mengi. Beynac na Castelnaud ni ngome mbili zinazotazamana juu ya mto uleule. Katika Vita vya Miaka Mia, moja ilikuwa kwa Wafaransa, nyingine mara nyingi mikononi mwa Waingereza. Ukitoka hapo kuna miji iliyopangwa kwa mitaa ya mraba, kama Monpazier iliyoanzishwa mwaka 1284 na Edward wa Kwanza wa Uingereza. Huko kusini, kuelekea Monpazier, ni misitu mitupu na barabara tupu.

Nakuambia ukweli pia: kwenye bonde lenyewe, barabara ya D703 inabeba watalii wote, nayo ni nyembamba. Kwa hofu uliyoieleza, usiikanyage kiangazi. Na vilima vyake ni vifupi na vikali, gia ndogo zitakuwa rafiki zako.

Kipepeo77
Canal du Midi tulipita mwaka jana. Mfereji wenyewe unagusa moyo, mjenzi wake Riquet aliuanza mwaka 1666, na hakuna gari. Ila lami inaisha kabla ya kufika Castelnaudary, kisha ni udongo, kokoto na mizizi. Tairi nyembamba hazifai. Na miti ya mikuyu ya ng'ambo iliyokuwa ikitia kivuli imekatwa kwa maelfu kwa sababu ya ugonjwa wa ukungu, sehemu nyingine unaungua na jua. Umesema lami, mama. Basi si huku.

MamaMeru
Asanteni sana wanangu. Yaya, umenivuta. Sasa nisaidie: kwenye ramani nitajuaje barabara ni tulivu? Na dereva wa huko akikukuta yupoje?

Yaya_wa_Lubumbashi
Tafuta ramani ya karatasi ya Michelin ya eneo hilo. Barabara nyekundu ziache. Za manjano ni za kuvukia au kipande kifupi. Nyeupe ndizo zako, na nyeupe yenye mstari wa kijani pembeni ina mandhari ya kupendeza. Sheria inamtaka dereva akuache mita 1.5 nje ya mji na mita 1 ndani ya mji, na vijijini wengi huvuka upande wa pili kabisa.

FundiGia_Thika
Ongeza hili. Watu husema barabara ya D, yaani ya mkoa, yenye tarakimu tatu ni ndogo. Si kweli siku zote. Barabara nyingi za taifa zilikabidhiwa mikoa mwaka 2006 zikabadilishwa namba: D906 ya Chalon, Tournus na Mâcon ni ile barabara ya taifa N6 ya zamani, na ina malori. D980 na D981 za kule Cluny nazo zina magari. Tazama rangi, namba itakudanganya.

Mvita_hadi_Nantes
Na mama, sisi tumezoea kushoto, kule ni kulia. Hatari haiko mjini, mjini magari yanakukumbusha. Hatari ni barabara tupu baada ya kusimama kunywa maji: mwili unarudi kushoto wenyewe. Funga utepe mwekundu kwenye usukani upande wa kulia. Mimi ulinisaidia. Na kwenye njia panda ya kijiji isiyo na kibao, anayetoka kulia ndiye mwenye haki ya kupita, hata akitoka kwenye kichochoro.

Kipepeo77
Chakula nunueni kabla ya saa sita mchana, maduka ya vijijini hufunga mpaka alasiri, na Jumatatu hata mkate ni shida. Maji yakiisha, tafuteni maeneo ya makaburi, karibu kila eneo lina bomba. Someni kibao kwanza, kama ni ya kunywa.

MamaMeru
Tumekaa na mzee jana usiku. Treni mpaka Chalon, Givry, siku mbili Cluny, halafu barabara nyeupe za Brionnais mpaka Paray-le-Monial. Mzee alisoma kwa Wabenedikto wa Ndanda, na aliposikia Cluny nayo ilikuwa ya Wabenedikto alinyamaza kidogo, kisha akaenda kuitia baiskeli yake mafuta. Yaya, kurudi Lyon tupitie wapi?

Yaya_wa_Lubumbashi
Rudini Cluny kwa barabara nyingine, kisha shukeni Mâcon kwa njia ya kijani. Utapita handaki la Bois Clair, kilomita 1.6, la treni za zamani. Majira ya baridi hufungwa kwa ajili ya popo, mwezi wa tisa liko wazi. Ndani kuna baridi, vaeni sweta kabla ya kuingia. Mkitoka, kateni kidogo mwone kikanisa cha Berzé-la-Ville, kilikuwa cha watawa wa Cluny, kilichorwa ukutani karne ya 12 na rangi bado zipo. Mâcon kuna treni. Nipigieni mkifika, nitawapokea stesheni.