Tupeane uzoefu: Kuishi katika majimbo ya Marekani ambako bunduki hubebwa waziwazi

Ndugu wanajamvi mlioko Marekani, naomba tusimuliane jinsi sheria hizi zinavyotugusa, maana kila jimbo lina zake. Nianze na Texas, ninakoishi. Kubeba bastola inayoonekana, ikiwa ndani ya ala yake, kuliruhusiwa tarehe 1 Januari 2016 kwa wenye leseni pekee, na tangu Septemba 2021 mtu aliyetimiza miaka 21 na asiye na zuio la kisheria hahitaji hata hiyo leseni. Mimi niliyezoea kuona bunduki kwa polisi na walinzi wa benki nilistaajabu kumkuta baba mmoja sokoni akibonyeza nyanya moja moja, bastola kiunoni na mtoto ndani ya toroli, wala hapakuwa na aliyegeuka kumtazama. Siku hizi nasoma milango kabla ya kuingia: bango linalotaja kifungu cha 30.07 cha sheria ya jinai ya Texas humkataza mwenye leseni kuingia na bastola inayoonekana, cha 30.06 iliyofichwa, na bango la 51% huwekwa kwenye baa, yaani mahali panapopata asilimia 51 au zaidi ya mapato yake kwa pombe inayonywewa hapo hapo, ambako bastola ni marufuku.

Mdau wa Chicago:
Ndugu mleta mada, huku Illinois kibali hutolewa kwa bastola iliyofichwa tu. Kuionyesha hadharani ni kosa. Mimi ni dereva wa lori, na Mmarekani ninayesafiri naye husimama upande wa Indiana kabla hatujavuka, akatoa risasi na kuifungia bastola kwenye sanduku. Husema kwamba sheria ya shirikisho ya mwaka 1986 humlinda msafiri apitaye tu, mradi silaha haina risasi na haifikiki kwa urahisi.

Mwanafunzi, Ohio:
Naongeza jambo ambalo naona wageni wengi hawaambiwi mapema. Wanafunzi wenzangu walinialika kwenye uwanja wa kulenga shabaha, na mhudumu alipoiona pasipoti yangu ya Tanzania akauliza aina ya viza, kisha akanielekeza kwa adabu kwenye viti vya watazamaji. Uhuru wa kubeba bunduki hapa Ohio haukunisaidia kitu, kwani sheria ya shirikisho inamzuia mwenye viza ya muda kumiliki au hata kushika silaha au risasi, isipokuwa kwa vighairi vichache kama kuwa na leseni halali ya uwindaji. Wenye ukaazi wa kudumu hawamo katika zuio hilo. Kwa hiyo, kabla ya kuuliza jimbo linaruhusu nini, mtu aangalie kwanza hadhi yake ya uhamiaji.