Tupeane uzoefu: matembezi mafupi na uwapendao ambayo hujayasahau

Mleta mada, Tanga

Habari zenu wote. Naomba tupeane uzoefu wa matembezi mafupi: siku moja, mbili, zisizidi nne, mlizotoka na watu mnaowapenda kwenda penye hewa. Majina ya hoteli tuyaache. Tuambie ulikwenda na nani, mlifikaje, na ni kitu gani hasa kimekubaki. Naanza mimi.

Mama yangu ni mtu wa Lushoto. Amelima maisha yake yote, ametusomesha watoto watano kwa kabichi na karoti, na mpaka anafikisha miaka 67 hakuwahi kuikanyaga bahari. Aliiona mara moja tu, kupitia dirisha la basi. Kutoka kwetu hadi Tanga mjini ni nusu siku, na kila mwaka tulikuwa tukimwambia "mwakani, mama."

Alipokuja kumwona mjukuu nikasema safari hii harudi hivi hivi. Tukaenda Pangani: yeye, mimi, mke wangu na binti yetu wa miaka 9. Tulilala pale mjini, asubuhi tukapanda mashua kwenda Maziwe. Nahodha alikuwa amenishauri kwa simu tuje siku za bamvua, kwa sababu mwezi ukiandama au ukiwa mpevu maji hupwa sana karibu na saa nne asubuhi, na mchanga wote unatoka nje. Maziwe ni fungu la mchanga mtupu. Zamani kulikuwa na mivinje, na kasa walipanda kutaga chini yake. Bahari imeila miti yote, na sasa maji yakijaa vizuri unaweza kupita juu yake usijue kuna kisiwa. Kasa hawajaacha kuja. Wanaowatunza huyachukua mayai na kuyafukia upya pwani ya Ushongo ili yasizame.

Mama alikaa katikati ya mashua, kashika ubao kwa mikono miwili, kimya kabisa. Tulipofika alishuka maji yakimfika magotini, kanga kaikunja kiunoni. Hatua ya kwanza hakuipiga. Aliinama, akachovya kidole, akalamba. Akasema, "Kumbe kweli." Halafu ndipo akatembea.

Sisi tulipokuwa tunatazama samaki, yeye alikuwa anajaza dumu la lita 5 alilolificha kwenye kikapu chini ya chapati. Wazee wetu wanaamini maji ya bahari ni dawa ya miguu. Dumu hilo alilipakata kwenye basi mpaka Lushoto, akawagawia majirani kwa kikombe.

Hiyo ni miaka mitatu iliyopita. Leo magoti hayamruhusu kupanda mashua. Ndiyo maana nauliza, hasa wenye wazazi: mliwapeleka wapi?

Baba wa wawili, Dar es Salaam

Asante kwa uzi huu, mkuu. Mimi sina mzazi tena, nina watoto wawili, wa miaka 11 na 7.

Treni ya umeme ilipoanza kubeba abiria kati ya Dar na Morogoro, Juni 2024, wanangu walinisumbua mwezi mzima. Nikawapeleka Jumamosi, kwenda na kurudi. Kwa basi njia ile ilikuwa inanila saa nne na zaidi, foleni ya kutoka mjini peke yake inachosha. Kwa treni hata mbili hazifiki. Kituo cha Morogoro kiko Kihonda, nje kidogo ya mji, kwa hiyo tenga nauli ya bajaji.

Tulipanda Uluguru kwa miguu kuelekea Morningside, pale penye nyumba ya zamani ya Wajerumani. Jua lilikuwa kali chini, lakini ukishapanda saa moja upepo unageuka. Kitu ambacho wanangu wanakisimulia hadi leo si treni. Tulipishana na akina mama wa Kiluguru wakishuka sokoni na matenga ya mboga kichwani, mteremko ule, wengine peku, na hawapunguzi mwendo. Mwanangu mdogo wa miaka 7, ambaye nusu saa nzima alikuwa ananililia nimbebe, aliwatazama wakipita, akanirudishia mkono wangu, akaanza kupanda mwenyewe. Hakulalamika tena mpaka juu. Nilijisikia furaha ambayo siwezi kuieleza vizuri hapa.

Beba maji ya kutosha na nguo ya baridi. Na mchukue kijana mwenyeji wa kuwaongoza, njia za mashambani zinagawanyika mno.

Mwanamke wa Mwanza

Saanane. Boti kutoka Capri Point, dakika kumi umefika. Hifadhi ya Taifa yenye kilomita za mraba 2 na kidogo, ndani ya Ziwa Victoria, mji unauona ng'ambo. Mume wangu alinipeleka mwaka wetu wa kwanza wa ndoa, hatukuwa na pesa za kwenda mbali. Tulikaa juu ya jabali, pimbi wakatuzunguka kama wanatukagua. Kila tukipita ile barabara ya ziwani ananiuliza, "Unawakumbuka jirani zetu?" Najua anamaanisha pimbi.

Mdau wa Moshi

Mimi ni chemchemi ya Chemka. Kwenye ramani imeandikwa Kikuletwa, kwetu ni Chemka. Jina linadanganya, maji hayachemki, ni ya vuguvugu tu, na yanaonekana hadi chini. Unaingilia Boma Ng'ombe, halafu ni vumbi mpaka unafika, unashangaa kuona miti mikubwa katikati ya nyika. Mizizi ya mikuyu imeshuka hadi majini, na vidagaa vinakudonoa vidole vya miguu.

Nilikwenda na kaka yangu mkubwa wiki ambayo alikuwa anahamia Mtwara kikazi. Bajaji ilipata pancha katikati ya lile vumbi, tukasukuma. Kaka anajua kuogelea, mimi nilikuwa sijui, nina miaka 24. Alinishika mgongoni kwa kiganja kimoja akaniambia, "Lala. Lala kama uko kitandani kwa bibi. Masikio yaache yaingie maji." Niliogopa sana hapo kwenye masikio. Nilipoyaacha, sauti zote za watu zilikatika, nikabaki nasikia pumzi yangu na kuona majani juu. Sikujua ameondoa mkono saa ngapi. Nilipogeuza kichwa alikuwa hatua tano kutoka kwangu, amekaa kwenye mzizi, ananitazama.

Ni kina kirefu pale, nawaomba msichukulie mchezo. Asiyejua akodi boya la tairi, na watoto wasiachwe hata dakika moja.

Binti wa Dodoma

Mimi nasoma tu, sijawahi kutoka na baba zaidi ya misiba na hospitali. Anatembea kwa fimbo. Naomba ushauri, kuna mahali naweza kumpeleka bila kupanda mlima wala boti?

Baba wa wawili, Dar es Salaam

Dada, mpeleke Mikumi. Treni inafika hadi kwenu Dodoma, mnashuka Morogoro, mnakodi gari. Barabara kuu ya Iringa yenyewe inakata katikati ya hifadhi kwa kilomita kama 50, twiga na swala anaanza kuwaona kabla hamjafika hata getini. Ndani mzee anakaa kwenye kiti, wanyama ndio wanaopita mbele yake. Kwenye bwawa la viboko mnaruhusiwa kushuka, ni tambarare, fimbo yake inatosha. Kama mnaweza, nendeni miezi ya kiangazi, Juni hadi Oktoba, nyasi zimekauka na wanyama wanajikusanya kwenye maji. Beba kitambulisho chake cha taifa, Mtanzania kiingilio analipa kwa shilingi, ni nafuu sana kuliko mgeni. Na mwambie mapema, wazee wanapenda kujiandaa.

Mjukuu, Nairobi

Nawasalimu kutoka Kenya. Nyanya yangu alikuja kutibiwa macho, akakaa kwetu wiki mbili katika nyumba ya ghorofa, na nikaona anafifia kila siku kwa kukosa udongo wa kukanyaga. Jumapili nikamchukua tukaenda msitu wa Karura, tukiwa na chapati, ndengu na chupa ya chai.

Mahali pale nyanya alikuwa anapajua kwa habari za redio. Miaka ya mwisho ya 1990 ardhi ya Karura ilikuwa inagawiwa watu wajenge, na Januari 1999 Wangari Maathai na wenzake walipigwa getini walipokwenda kupanda mti. Nyanya alipoambiwa geti ni hilo, alisimama muda mrefu sana. Mimi nilizaliwa baada ya hayo, kwangu Karura ilikuwa mahali pa kukimbia na kupiga picha.

Ndani ndipo alipoanza kunifundisha. Kila mti alikuwa na jina lake kwa Kikuyu: huu ni mutamaiyu, ule ni muhugu. Alifika kwenye muthiga akaokota jani lililoanguka, akalipangusa kwa kanga, akaniambia nitafune kidogo tu. Linawasha kama pilipili, na linakaa kooni. Akasema mama yake alikuwa akiwapa gome lake wakiwa na kifua. Nyanya ana macho mabovu, haoni hata uso wangu vizuri, lakini aliutambua mti ule kwa kupapasa gome.

Tulitembea polepole mno, labda kilomita moja na nusu kwa saa mbili. Hatukufika kwenye maporomoko wala kwenye mapango. Sikujali.

Mpenda bahari, Kigamboni

Nyongeza kwa wanaotaka kwenda visiwani, Mbudya na Bongoyo hapa Dar, na huko Maziwe pia. Upepo wa kusi ukishika, kuanzia Aprili hadi Septemba, bahari inachafuka, hasa mchana. Wenye wazee na watoto nendeni msimu wa kaskazi, na mtoke asubuhi. Anayepata kichefuchefu akae katikati ya chombo, atazame mbali, asiiname kwenye simu. Jaketi la kuokolea livaliwe kabla ya kung'oa nanga. Mwaka mmoja nahodha aliniambia yapo ya kutosha, kumbe ni mawili na sisi tuko saba. Nilishusha familia yangu, tukala samaki pale pale pwani, na watoto walilia. Ningefanya hivyo tena.

Mzaliwa wa Maskati

Assalaam alaykum ndugu zangu. Sisi nyumbani tunasema Kiswahili, baba ni mtu wa Unguja, alikuja huku kijana mdogo.

Kila mwaka kuanzia mwisho wa Juni mpaka Septemba, Salalah, kusini ya Oman, inapata msimu wa manyunyu na ukungu, wenyewe wanauita kharif. Maskati wakati huo ni joto la kutoweza kugusa mlango wa gari. Watu wanamiminika kusini, ni kiasi cha kilomita 1,000, njia kubwa ni jangwa. Siku nne kwa safari hiyo ni chache, lakini ndizo tulizokuwa nazo, mimi na wazee wangu na dada yangu.

Unakwenda jangwani kutwa nzima, halafu unapanda mlima na kioo cha mbele kinaanza kupata matone. Majani kila upande. Ngamia wamesimama njiani katika ukungu, huwaoni mpaka umekaribia. Tulikwenda Wadi Darbat, maji yanateremka, watu wametandika majamvi, moshi wa mishkaki umetanda.

Ila kilichonishika ni njiani, kabla ya hapo. Pembezoni mwa mashamba kuna vibanda vinauza madafu, ndizi na mapapai, na nyuma yake minazi na migomba imesongamana. Baba akaniambia nisimamishe. Akateremka, muuzaji akampasulia dafu. Baba alikunywa yote, akalirudisha likatwe, akaomba kipande cha kifuu akakwangua ile nyama mwenyewe, kama alivyokuwa akifanya kwao. Alikula amesimama mvuani. Mama alitaka kumwita aingie garini, dada akamzuia. Alipopanda alisema, "Haya, twende," na kwa muda mrefu hakusema neno. Karibu na mji akaanza kututajia majina ya watoto aliocheza nao, mmoja baada ya mmoja. Sikuwahi kuyasikia, nami nina miaka 38.

Mleta mada, Tanga

Nimesoma yote, na nimempigia mama nikamsomea kwa simu. Ya kaka wa Moshi alitaka nirudie pale pa mkono. Ya nyanya wa Karura alisema huyo ni mwenzake, na akauliza kama macho yametengemaa. Mjukuu, tupe habari.

Binti wa Dodoma, mimi na wewe tufanye mpango. Nimeamua mama naye nimpeleke Mikumi Agosti, baada ya kuvuna. Ukimpeleka mzee kabla yetu, tuambie njia ikoje.

Na wewe wa Maskati, mama ana swali lako. Anasema ukungu anaujua, Lushoto ni wao. Anataka kujua huo wa kwenu ni wa baridi ya kuvaa sweta au vipi.

Mzaliwa wa Maskati

Mwambie bi mkubwa namshika mkono. Baridi hakuna, ni kiasi cha nyuzi 25, manyunyu ni membamba. Kanga moja inamtosha. Na mwambie nimemsomea baba habari ya lile dumu la maji. Kaniuliza, "Alisema ni bahari ya Pangani?" Nikamwambia ndiyo. Akasema ni bahari yetu hiyo hiyo.