Uliwahi kukaa mbele ya wakili wa kufilisika? Tupeane uzoefu

Wadau salama? Nilikuwa nasoma habari za marehemu Harvey Miller, wakili wa kufilisika, mzaliwa wa Brooklyn 1933, kafariki 2015. Alipoingia ofisi ya mawakili ya Weil Gotshal pale New York 1969, mawakili wa ofisi kubwa walikuwa wanaiona kazi ya kufilisika ni ya kichovu, yeye akaijenga mpaka mabosi wakawa wanamtafuta usiku. Benki ya Lehman Brothers ilipodondoka 15/9/2008, mali za dola bilioni 639, kufilisika kukubwa kuliko kote Marekani, aliyesimama mbele kama wakili wao ni yeye, mzee wa miaka 75. Mwaka uliofuata tarehe 1/6 zamu ya GM, kampuni ya magari, kufika 10/7 kampuni mpya ishatoka, siku 40 hata hazijaisha!! Sisemi alikuwa mtenda miujiza, shirika la ndege la Eastern Airlines nalo lilipita mikononi mwake na 1991 likafa jumla. Ila alishikilia kwamba ukifilisika si lazima uchinjwe, hiyo ndo Chapta 11 yenyewe, sheria ya Marekani ya kujipanga upya na madeni huku biashara inaendelea.

Sasa sisi wa Chapta 7 (hahaha), yaani ile ya mali kuuzwa na madeni kufutwa, tupeane uzoefu. Mimi naanza, biashara ya mitumba ilinilaza Houston, simu za wadai zinaanza saa mbili asubuhi mpaka mtoto akawa ananiambia baba wale wanapiga tena. Wakili akafaili Jumatano, sheria inawapiga stop wote hapohapo, wiki ya pili simu kimyaaa, nikadhani imeharibika nikajipigia kwa simu ya wife.

Mdau wa New York: Siku ya Lehman nilikuwa naendesha teksi, nilimbeba kijana pale Seventh Avenue ana boksi mapajani, ndani kuna viatu vya mazoezi, kikombe na kamti kadogo kwenye kopo. Hakusema neno mpaka Penn Station, tip kaacha dola 10. Nikasema huyu kesho atajuta.

Mdada wa Minneapolis: Mimi deni lilikuwa la hospitali, sitaitaja. Wakili alikuwa mama mtu mzima mpole sana, tukaenda vizuri mpaka akauliza una mali yoyote nje ya Marekani, sema sasa hivi usije ukasema mbele ya trastii (yule anayesimamia mali za aliyefilisika). Jasho! Nina kiwanja Kigamboni nimekiandikisha kwa jina la mama. Nikamwambia ni cha mama, akavua miwani, akauliza hela ya kununulia ilitoka wapi.

Mdau wa Nairobi: Huku kwetu tuna Sheria ya Ufilisi ya 2015, kampuni inaweza kuwekewa msimamizi ijaribu kufufuka. Nilikuwa nasapulai mayai supamaketi moja ikawekewa, benki wana dhamana wanatangulia, sisi wa mayai tuko nyuma ya foleni mpaka leo. Kwa hiyo hao mawakili msinisifie sana.

Mdau mwingine: Ongezeni hili, mkopo wa chuo kwa kawaida haufutiki, mimi nilifaili nikijua natoka mweupe kumbe dola elfu 41 zimebaki palepale zinanicheka. Na rekodi ya kufilisika inakaa kwenye ripoti yako ya mikopo miaka 10.

Mtoa mada: Dada wa Minneapolis usituache njiani, kiwanja kiliishaje?

Mdada wa Minneapolis: Nilikitaja. Trastii akauliza thamani, nikamwambia hakina hati, kina barua ya serikali ya mtaa na mgogoro wa mpaka na jirani. Akaandika andikaaa, mwisho akaniuliza Kigamboni inaandikwaje.