Developa (mwandishi wa programu za kompyuta) uliyehamia Mtwara au Lindi kikazi, nyumbani mnaishije na hizi mashine? Tupeane uzoefu

Mdau wa Shangani (mwanzisha uzi)

Habari zenu wakuu. Kila kijana wa fani yetu anayehamishiwa huku kusini huwa na swali moja: intaneti ikoje? Kwangu mimi hilo ni nusu ya swali. Intaneti Mtwara ipo. Kinachowatoa watu jasho ni nyumba. Mwenzako ameacha shughuli zake na ndugu zake akakufuata, watoto wameacha shule waliyoizoea, halafu wewe uko ndani kutwa nzima na hupatikani. Naanza mimi, kisha karibuni.

Tulikuwa Dar, Tabata. Kampuni ilipata kazi ya programu ya kumbukumbu za maghala ya korosho, wakataka mtu akae karibu na maghala yenyewe. Tukahama wote, mimi, mke wangu na watoto wawili, tukapanga Shangani, si mbali na bahari. Kwa wasioijua korosho: mkulima anapeleka mzigo chama cha msingi cha ushirika, unapimwa, unasafirishwa ghala kuu, ndipo unaingia mnadani. Tangu msimu wa 2024/2025 minada inapita kwenye mfumo wa kielektroniki wa Soko la Bidhaa, TMX. Uzito ukiandikwa vibaya ghalani, anayecheleweshewa hela ni mkulima, na simu inanijia hata saa nne usiku. Hiyo lazima niipokee. Mzee wa watu amepalilia na kupulizia salfa mwaka mzima, hawezi kuambiwa asubiri Jumatatu.

Nyumbani tulikaa tukakubaliana. Kuanzia Oktoba minada inapoanza, mimi ni wa ghala. Lakini wakati wa chakula cha jioni simu inawekwa juu ya friji, sauti ikiwa wazi, na inapokelewa ikiwa ni ghala tu. Msimu ukiisha nawapeleka watoto shule mwenyewe, nawafuata mwenyewe, na Jumamosi ni ya Mikindani, wakimbie kwenye yale magofu mpaka wachoke.

Mke wangu Dar alikuwa na duka la nguo. Huku ameanza kuuza korosho zilizobanguliwa. Anachambua mezani, nzima huku, vipande kule, zilizoungua kidogo anaziweka kando, anapiga picha kwa simu yangu ya zamani, anapakia, na mzigo unaondoka na basi la Dar. Wateja wake wa kwanza walikuwa majirani zetu wa Tabata. Nilimtengenezea mfumo wa oda wenye orodha ya bidhaa, bei na kitufe cha kununua. Akautazama akasema wateja wangu hawaagizi hivyo. Wanatuma sauti WhatsApp: "Shoga, nitolee kilo mbili kama za mara ile." Kwa hiyo ukurasa wa kwanza sasa ni jina la mteja na alichochukua mara ya mwisho, basi. Katika kazi zangu zote huo ndio mfumo ninaouona ukitumika kila siku mbele ya macho yangu, na umenifundisha kumsikiliza karani wa ghala namna hiyohiyo.

Sasa chumvi. Ukipanga karibu na bahari ujue hewa yenyewe inakula vyuma. Tundu la chaja la laptop ya mke wangu lilianza kusumbua, inachaji mpaka uishikilie kwa pembe. Fundi akatuonyesha kwa kioo cha kukuzia: vile vipini vidogo ndani vimefunikwa unga wa kijani. Akasugua kwa brashi ya meno na spiriti, akaacha ikauke vizuri, ikapona. Siku hizi laptop zikizimwa na kupoa zinalala kwenye dishi la plastiki lenye mfuniko wa kubana, pamoja na vile vipakiti vya kukausha unyevu vinavyokuja ndani ya maboksi ya viatu. Vipakiti navyo hushiba, inabidi vikaushwe au vibadilishwe. Mchele msiweke, unaacha vumbi kwenye matundu. Dirisha la upande wa bahari tulilisogezea kabati, meza ya kazi ikahamia upande wa ua.

Karibuni wengine.

Binti wa Mitwero

Ahsante kaka kwa uzi huu. Mimi niko Lindi mjini, naandika programu za simu kwa kampuni ya Nairobi, mume wangu kazi yake iko Dar. Nilihamia huku kwa sababu mama yangu ni mgonjwa na kampuni ilikubali nifanyie kazi popote. Kwa hiyo familia yetu inaishi kwa barabara ya Kilwa na kwa simu. Nataka niwasimulie Mei 2024, kwa sababu ndipo nilipojua kipi kinategemea nini.

Kimbunga Hidaya kilifika ukanda wetu wa pwani tarehe 4 Mei. Mvua ile ikaikata barabara maeneo ya Somanga, wilayani Kilwa, mabasi yakakwama huku na huku. Mume wangu alikuwa aje mwisho wa wiki, hakuweza. Mtoto wetu alikuwa darasa la pili na baba yake ndiye huwa anamsomesha hesabu, kwa video, daftari likiwa limeegemezwa kwenye birika la chai ili kamera ilione. Tukasema sawa, tutaendelea kwa video mpaka njia ifunguke. Jumapili tarehe 12 nyaya mbili za baharini zinazotuletea intaneti, EASSy na Seacom, zikakatika upande wa Afrika Kusini, na intaneti ya nchi nzima ikayumba vibaya. Yaani baada ya barabara, na video nayo ikaondoka.

Kilichobaki ni simu ya kawaida. Simu ya sauti ya ndani ya nchi haihitaji waya wa baharini, inapita kwenye mkongo wa hapahapa, kwa hiyo ilikuwa safi kabisa. Mtoto akawa anasoma swali kwa sauti, baba yake anamuuliza, "Umeandika nini kwenye makumi? Na kwenye mamoja?" Hamwoni wala halioni daftari, kwa hiyo mtoto ilibidi aeleze kila hatua kwa maneno. Mwalimu wake aliniambia baadaye kwamba mtoto sasa anaweza kueleza jibu lake amelipataje. Mpaka leo siku mbili za wiki wanasoma kwa sauti tu, bila video, ingawa mtandao upo.

Upande wa kazi: git, ile programu ya kutunza kila toleo la kodi unayoandika, haihitaji intaneti kuhifadhi kazi yako, niliendelea kuandika na kuweka kumbukumbu kwenye mashine yangu, nikazipandisha kwenye seva mtandao uliporudi. Seva yetu ya majaribio iko Dar, hiyo ilifikika. Ya Ulaya ndiyo iliyogoma. Mtu akija huku namwambia apakue nyaraka za lugha ya programu anayotumia na kodi zote za wengine ambazo mradi wake unazitegemea, akae nazo ndani, na kama mradi unaruhusu, kitu kimoja muhimu kiwe ndani ya nchi.

Fundi wa Masasi

Mimi nitaongelea umeme, maana hapo ndipo ndoa zinapojaribiwa, feni imezimika, watoto wanalia na joto, baba anataka invata, ile mashine inayogeuza umeme wa betri uwe kama wa nyumbani, ibebe kompyuta.

Fanyeni hesabu kabla ya kwenda dukani. Betri ya kawaida ya volti 12, Ah (saa za ampea) 100, ina kama Wh (saa za wati) 1,200 kwenye karatasi. Ile ya madini ya risasi ukiinywa zaidi ya nusu unaifupishia maisha, kwa hiyo hesabu Wh 600. Laptop inayokula wati 50 na ruta wati 10, toa kinachopotea kwenye invata, unapata kama saa nane. Ukiongeza feni ya wati 50, saa zako zinakaribia kupungua nusu. Za lithiamu unaweza kuzinywa mpaka asilimia 80 na zinadumu zaidi, ila bei imechangamka.

Ushauri wangu: ruta ipewe kiUPS chake kidogo (betri ya akiba) cha volti 12, bila kupita kwenye invata. Laptop ina betri yake. Invata iachieni familia feni na taa. Ukifanya hivyo, umeme ukikatika hakuna anayekununia.

Mama Wawili, Chuno

Jamani naomba na sisi tuliofuata waume tuseme. Baba watoto ndiye developa, mimi ni mwalimu, nimepata nafasi shule ya binafsi baada ya kukaa nyumbani kwa muda. Tumetoka Bukoba.

Kaka wa Shangani, hilo la simu juu ya friji ni zuri kwa mwenye nyumba ya vyumba vitatu. Sisi tuna chumba na sebule. Meza ya kazi ni ile ya kulia chakula. Tulichofanya ni kitenge. Kitenge cha njano kikitandikwa mezani, baba yuko kazini, mtoto haulizi chochote, hata mimi siulizi. Kikitolewa, laptop inaingia kwenye begi na begi linatundikwa msumarini nyuma ya mlango. Anayetandika na kutoa ni mkubwa wetu wa miaka saba, saa kumi na moja jioni anakuja kukikunja. Mara moja baba alikuwa hajamaliza, akamwomba mtoto dakika chache kwa heshima kabisa, mtoto akampa. Napenda kwamba anamwomba mtoto.

Tableti tulikuwa nayo ya katuni. Tulipofika huku watoto hawakuwa na rafiki, ikawa ndiyo rafiki yao. Siku hizi inakaa chaji siku tatu haijaguswa, kwa sababu wamepata wenzao wa mtaani. Likizo ya Desemba wavulana kadhaa wa jirani walikwenda jando, mwanangu alihangaika sana kuwauliza wako wapi. Walipotoka, mtaa ulikesha kwa ngoma, watoto wamevishwa nguo mpya, khanga zimetandikwa chini wapite, sisi Wahaya tumesimama tunapiga makofi. Baba watoto alikuwa kwenye kikao cha video na wenzake wa Dar, ngoma zikasikika, mkuu wake akamwambia geuza kamera tuone. Wakatazama wote. Kikao kilihamishiwa kesho yake.

Bibi yao Bukoba tunampigia video Jumapili baada ya misa. Tulimnunulia simu janja, shemeji yangu akaipanga ili kioo kiwe na picha nne tu kubwa za nyuso zetu. Anagusa uso, simu inaita. Kuandika hawezi na hahitaji.

Kijana wa Mikindani

Mimi sina familia bado, niko na mdogo wangu anayesoma Form Two. Ninachoweza kuongeza: majirani wakijua unafanya kazi za kompyuta watakuletea simu zilizovunjika kioo. Msiwafukuze. Mimi kioo siwezi, nawaelekeza kwa fundi wa sokoni, lakini mzee aliyesahau namba ya siri ya barua pepe namsaidia. Wao ndio wanaoniletea samaki na ming'oko, na ndio wanaomwangalia mdogo wangu nikisafiri.

Mgeni Mtarajiwa

Wakuu, nimesoma yote, Mungu awabariki. Nahamishiwa Lindi mwezi ujao na mke wangu ni mjamzito. Nina kompyuta ya mezani yenye kadi kubwa ya picha na skrini ya inchi 27. Nije nayo au niiuze? Na nyumba nianze kutafuta upande gani?

Mdau wa Shangani

Hongereni sana mkuu. Njoo nayo kama kazi inaihitaji, ila ile kadi ya picha ichomoe, na kipoza kikubwa cha prosesa nacho kama kimening'inia, vifungwe peke yake. Vikiachwa ndani, mtikisiko wa safari unaweza kung'oa tundu la ubao mama, yaani ule ubao mkuu wa kompyuta. Skrini irudishe kwenye boksi lake na mablanketi, kaa nayo juu, isiende buti. Na nunua kinga ya umeme kabla hujaichomeka. Lakini kwa nyumba yenye mtoto mchanga mimi ningetanguliza laptop na betri, hiyo ya mezani ije baadaye ukishajua umeme wa mtaa wako.

Binti wa Mitwero

Karibu Lindi kaka. Mwambie wifi aje na kadi yake ya kliniki na majibu yote ya vipimo mkononi, yasifungwe kwenye mabegi ya mizigo. Hospitali ya mkoa, Sokoine, iko hapahapa mjini, kwa hiyo tafuta nyumba ambayo bajaji inafika mlangoni hata mvua ikinyesha. Kwa dalali ulizia kwanza maji yanatoka siku zipi, halafu panda juu ya kibaraza na simu zenye laini tofauti, mpigie mtu video jioni saa mbili, wakati kila mtu yuko mtandaoni. Asubuhi kila laini inakwenda vizuri. Nyumba moja ya vyumba viwili jirani na kwetu inaachwa wazi mwezi huu, nitamuuliza mwenye nyumba kesho nikujibu hapahapa.