MJADALA: Kampuni za kupima watu wasio na dalili ziachwe zikue tu?

Mleta mada

Habari zenu wanajukwaa. Nianze na kampuni moja ili tuwe na pa kushikia. Neko Health ilianzishwa Sweden mwaka 2018 na Daniel Ek, yule mwanzilishi wa Spotify, huduma ya muziki mtandaoni, pamoja na Hjalmar Nilsonne. Ilifungua kituo Stockholm mwaka 2023, ikaingia London mwaka uliofuata, na Januari 2025 wawekezaji wakaiongezea dola milioni 260. Mteja hupigwa picha za ngozi, hutolewa damu, hupimwa moyo, kisha huketi na daktari kuelezwa majibu. Kampuni nyingine, Prenuvo, wao wanakwenda mbali zaidi: mtu asiyeumwa popote anaingizwa mwili mzima kwenye MRI, mashine ya sumaku inayopiga picha za ndani ya mwili.

Mimi sipingi kupima. Kupima presha kunaokoa watu, na kipimo cha saratani ya mlango wa kizazi kinaokoa wengi. Ninachopinga ni kampuni kujisifu kwa idadi ya magonjwa iliyoyagundua. Tunaomba idadi ya vifo vilivyoepukwa.

Tazameni Korea Kusini. Watu waliokwenda kupimwa saratani nyingine waliongezewa altrasaundi ya tezi ya thairoidi, ile ya shingoni, kwa malipo kidogo tu. Kufikia mwaka 2011, waliogundulika kuwa na saratani ya tezi hiyo walikuwa mara 15 ya wale wa mwaka 1993. Vifo vyake? Vilibaki palepale. Karibu wote walitibiwa, wengi wao kwa kuondolewa tezi, na anayeondolewa tezi yote humeza dawa maisha yake yote. Wengine walitoka na kamba za sauti zilizopooza. Uvimbe uliokuwa umelala ungeweza kulala hadi mwenyewe anafariki kwa uzee.

Mchangiaji

Ndugu mleta mada, nakuheshimu, lakini hesabu zako hazina sura ya mtu. Dada yangu alikuwa haumwi chochote. Akapima, akakutwa na uvimbe kwenye figo, ukatolewa, leo yuko nasi. Ungemwambia asubiri utafiti? Fedha ni zake, mwili ni wake.

Mleta mada

Nashukuru, na nafurahi kwamba dada yuko salama. Sina haki ya kusema kipimo kile hakikumwokoa. Lakini wewe pia huwezi kujua kwamba kilimwokoa, na hapo ndipo penye ugumu wote wa jambo hili.

Chukua watu wawili wenye ugonjwa uleule. Wa kwanza anapimwa akiwa na miaka 60, anaambiwa, anaanza matibabu. Wa pili anagundua akiwa na miaka 64, baada ya kuanza kukohoa damu. Wote wanafariki wakiwa na 66. Kwenye vitabu, wa kwanza "ameishi miaka sita na saratani", kwa hiyo anahesabiwa kuwa amevuka miaka mitano tangu kugundulika, kipimo ambacho hutumika kusema nani amenusurika. Wa pili hakuivuka. Kampuni itatangaza ushindi, ilhali makaburi yamechimbwa mwaka mmoja. Alichoongezewa wa kwanza ni miaka minne ya kujua.

Na kujua si jambo dogo. Nimeshika mkononi karatasi ya majibu ya mtu wa karibu yangu: "kinundu cha milimita 6, huenda si cha hatari, rudia kipimo baada ya miezi sita." Neno "huenda" lilimnyima usingizi miezi yote sita. Mara ya pili wakaandika vilevile.

Kuhusu fedha kuwa zake: za kipimo ni zake, sawa. Ila kinundu kikishaonekana, anapelekwa hospitali ya umma kukatwa kipande kidogo cha nyama kikapimwe, na foleni ile ina mama mwenye uvimbe unaoonekana kwa macho. Huyo hakualikwa kwenye biashara hii.

Inawezekana kufanya vizuri. Mwaka 2011 utafiti mkubwa wa Marekani ulionyesha kwamba kupima kwa CT ya mionzi kidogo, yaani eksirei inayopiga picha za ndani ya mwili kwa vipande, kulipunguza vifo vya saratani ya mapafu kwa asilimia 20 miongoni mwa waliovuta sigara sana. Walichagua walio hatarini, wakagawa makundi kwa kura, wakahesabu waliokufa. Kampuni yenye mamilioni ya dola inashindwa nini kufanya hivyo kabla ya kufungua kituo kingine?

Na gharama za kufuatilia kila "huenda" zilipwe na aliyeiandika. Wanaopinga sharti hili, karibuni.