Twiga mmoja au wanne? Mjadala: kuzaliana kunatosha kupima spishi?

Maalim wa baiolojia, Langoni, Lamu: Mwaka 2025 shirika la uhifadhi la IUCN lilikubali kuwa twiga si spishi moja bali nne, na tatu kati yake ziko Kenya. Mimi sijaridhika. Nasimama na mwanabaiolojia Ernst Mayr, aliyeandika mwaka 1942 kuwa spishi ni viumbe wanaozaliana wao kwa wao katika maumbile, wala hawazaani na kundi jingine. Tazameni punda wetu: ana kromosomu (nyuzi zinazobeba jeni) 62, farasi 64. Punda dume akimpanda farasi jike huzaliwa baghala mwenye 63, ana nguvu za ajabu lakini kwa kawaida ni tasa. Mpaka huo hauna ubishi. Lakini twiga hao wamechanganyika katika bustani za wanyama na wakazaa!

Mvuvi, Malindi: Shikamoo Maalim. Mwaka 2001 meli ya kukokota nyavu ilinasa silakanti huku kwetu, samaki aliyedhaniwa ametoweka pamoja na dinosau mpaka alipopatikana Afrika Kusini mwaka 1938. Indonesia wako wengine, na tangu 1999 wanahesabiwa spishi ya pili. Nani aliwakutanisha akaona kama watazaana? Bahari ya Hindi nzima iko katikati. Na bakteria je, wanaojigawa tu, dume hakuna, jike hakuna?

Mwanafunzi wa chuo, Shela: Kwa heshima yako Maalim, umesema mwenyewe "katika maumbile". Bustani haimo. Hata simba na chuimilia huzaa wakifungiwa pamoja. Utafiti wa jeni wa 2016 ulionyesha kuwa porini makundi haya ya twiga ni nadra kuchanganyika. Mayr yuko upande wetu.

Maalim: Nadra si kamwe, mwanangu. Tofauti ya jeni ifike wapi ndipo tuseme hii ni spishi nyingine? Mtaalamu huyu atakata hapa, mwingine pale, na kila kisiwa kitadai paa wake ni spishi nyingine.

Askari wa wanyamapori, Gede: Mnasahau hesabu. Twiga wote wakiwekwa fungu moja wanaonekana wengi. Watenge, utaona wale wa kaskazini hawafiki 10,000. Ulinzi hupangwa kwa spishi.

Maalim: Ala! Kumbe mnagawa ili mpate bajeti?

Askari wa wanyamapori, Gede: Angalia miaka, Maalim. Jeni zilichapishwa 2016, IUCN ikakubali 2025. Mtu anayekimbilia bajeti hangojei miaka tisa.