Naomba ushauri: kupima muda nyota inapozibwa na gimba la barafu

Wakuu, habari zenu. Niko Mikindani, Mtwara, nina darubini ya inchi 8 na kamera ya video. Nataka kurekodi nyota zikizibwa na magimba ya barafu yaliyo ng'ambo ya Neptuni. Pete ya Haumea, mojawapo ya magimba hayo, ilijulikana hivyo mwaka 2017: nyota ilififia kidogo kabla ya kuzibwa, ikafifia tena baadaye. Kivuli cha gimba kikipita huku kwetu kusini bila mtu kukipima, kipimo hicho kimepotea, na inaniuma kweli.

Shida ni saa. Ya simu siiamini. Kifaa cha GPS cha kuchapa muda kwenye kila fremu nitakipataje, au kuna njia nafuu?

Halafu umande wa bahari unatanda kwenye kioo cha mbele usiku. Mnaoishi pwani mnaudhibiti vipi?